Pampu Inayokula Kwao

Kabla sijasema lolote juu ya safari, niseme hili kwanza: mimi si mwendawazimu. Nalisema mapema kwa sababu hapa Kasongo, kuanzia sokoni hadi mlango wa parokia, watu walikuwa wameshakubaliana kwamba Anastasie, binti wa mzee Octave, kichwa kimemruka, anataka kulinywesha lori mafuta ya kupikia mboga ya sombe. Walinicheka usoni, nami nikawaacha wacheke. Nina meno yangu pia, nikajua zamu yangu itafika.

Lori lenyewe ni la baba. Aliliendesha miaka ishirini na sita kati ya Kasongo na Kabambare, mpaka macho yakamwisha. Tangu hapo limesimama nyuma ya nyumba juu ya matofali, na kuku wakafanya kiti cha dereva kuwa pa kutagia. Mwaka huu, kiangazi kilipoanza, akaingia mjini mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Kaka yangu Ruphin akampeleka nyuma ya nyumba, wakazunguka lori mara mbili, wakapeana mikono. Mimi niliyelala ndani ya lori lile safari ngapi sijui, niliyejifunza gia kwenye magoti ya baba, sikuulizwa hata kwa adabu. Niliwaka. Nikaacha beseni langu la mawese sokoni, nikaenda kusimama mbele ya baba na vumbi langu miguuni.

"Baba, ile kamio haiuzishwe kwa kilo. Inaweza kutembea."

"Itatembea na nini?" Ruphin akadakia. "Mazuti inafika huku kwa pikipiki, mu bido ya plastiki, nusu yake ni maji. Na siku ingine haifiki kabisa."

"Itatembea na mawese."

Ruphin alicheka mpaka akashika ukuta. Baba hakucheka. Miaka mingi nyuma, wakati wa vita, dereva mmoja wa Kalemie alilala kwetu, akatuambia kwamba mazuti, yaani dizeli, yalipokosekana kabisa yeye alifika kwao kwa mawese tupu. Baba alikuwepo, na mimi nilikuwepo. Nauza mawese tangu nilipoolewa. Nayajua kuliko ninavyowajua wanangu. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuyasahau maneno ya yule dereva.

Baba aligeuza uso kuelekea sauti yangu. "Iende Kabambare na irudi. Kama inarudi na nguvu yake yenyewe, ni ya Anastasie. Kama wanaivuta na kamba, hata mu metre moja tu, Ruphin auzishe. Nimemaliza."

"Na mimi napanda naye," Ruphin akasema. "Nione na macho yangu."

"Panda," nikamwambia. "Beba na blanketi, ju kule asubuhi kuna baridi."

Injini ilikuwa nzima. Kilichokuwa kimekufa ni pampu, ile inayosukuma mafuta kuingia kwenye silinda. Ni pampu ndefu, nzito, ya chuma cha zamani, yenye mabomba sita yaliyosimama kwa mstari juu yake, na mipira yake yote ilikuwa imekauka ikivuja. Nikamwita Aristote, fundi aliyejifunzia kazi Bukavu, kijana wa watu mwenye mikono mizuri na maneno mengi. Aliitazama pampu ya baba kama mtu anayetazama kanzu ya babu yake. Kesho yake akarudi na kitu kilichofungwa kwenye plastiki: pampu ndogo ya mviringo, inang'aa, ya kubebwa kwa mkono mmoja.

"Mama, hii ndiyo pompi ya kisasa. Kichwa kimoja tu ndani kinazunguka, kinagawia silinda zote sita. Iko nyepesi, iko safi. Ile ya mzee tutupe."

Niliipokea, nikaigeuza. "Inakunywa nini?"

"Mazuti, mama. Si unajua?"

"Sikuulize inapitisha nini. Nauliza yenyewe inakunywa nini. Vile vyuma vinavyosuguana mule ndani, nani anavipaka mafuta?"

Hapo Aristote akanyamaza, na ndipo nilipompenda kwa mara ya kwanza, maana fundi mbaya angejibu haraka. "Inajipaka na ile mazuti inayopita," akasema polepole.

"Na ile ya mzee?"

"Ile ya mzee... iko na mafuta yake. Inakunywa oili ya moteri."

Basi. Nilikuwa nimeshapata jibu langu. Kuna mpishi asiye na chakula kwao. Anategemea kuonja kwenye sufuria anayowapikia wengine, na siku sufuria ikiwa na kitu kigumu, yeye ndiye wa kwanza kuumwa tumbo. Na kuna mpishi aliyekula kwao asubuhi, akaja kazini ameshiba. Huyo hata ukimpa kukoroga uji wa gundi, atakoroga. Mawese yakipoa ni mazito. Yakipoa zaidi yanaganda kabisa. Nilijua ile pampu ndogo ingeng'aa vizuri mpaka asubuhi moja ya baridi, kisha ingekwama na kuvunjika shingo.

"Tunarudisha ya mzee," nikasema.

"Mama, hakuna mutu anatia ile tena!"

"Mimi natia."

Alibishana nami siku mbili. Aliposhindwa upande huo akaja na upande mwingine: basi angalau tuweke pampu ndogo ya umeme ya kuvuta mawese kutoka kwenye pipa, kwa kuwa ni mazito. Nikamwonyesha betri. Betri ya lori lile ilikuwa mzee kama mwenye nyumba. Kitu kinachotegemea betri kitaniacha siku ileile betri itakaponiacha, na sitaki kuachwa mara mbili kwa siku. Ubavuni mwa pampu ya baba kulikuwa na pampu nyingine ndogo ya kuvutia mafuta, inayosukumwa na injini yenyewe, na juu yake kifundo cha kusukuma kwa kiganja. Nikamwambia aibadilishe mipira tu, basi.

Lakini nisimnyime haki yake. Kazi iliyobaki aliifanya kwa akili. Alifunga pipa la mawese nyuma ya kibanda, akapitisha ndani yake bomba la shaba lenye maji ya moto kutoka kwenye injini, ili mawese yapate joto kabla ya kutoka. Pembeni akaweka pipa dogo la mazuti. Chini ya kiti akaweka wenzo mmoja: kushoto mazuti, kulia mawese. Unawasha kwa mazuti, unangoja injini ishike moto, unageuza kulia. Na kabla ya kuzima unarudisha kushoto, unaiacha ingurume dakika tano, mazuti yasafishe pampu na mabomba yote. Ukizima mawese yakiwa ndani, yataganda humo humo.

"Mama, usisahau ile ya mwisho," Aristote akasema. "Kuanza mazuti, kumaliza mazuti."

"Mimi ndiye nisahau?" nikamjibu, na leo bado naona haya nikikumbuka nilivyolijibu hilo.

Mawese niliyatengeneza mwenyewe, maana hapo hakuna wa kunifundisha. Niliyachemsha upya mpaka yakaacha kulia. Mawese yenye maji yanalia kwenye sufuria, na yakinyamaza ujue maji yametoka. Nikayaacha siku tatu, nikachota ya juu yaliyo mepesi, nikayachuja kwa vitenge viwili vya pamba. Jirani yangu Cécilia alisimama mlangoni akaniuliza kama namtayarishia bwana harusi. Nikamwambia ndiyo, na anavuta tani sita.

Tukaondoka Jumatatu na chumvi na sabuni nyuma, mbao za kuwekea kwenye madaraja, Ruphin kushoto kwangu na blanketi lake. Nje kidogo ya mji nikageuza wenzo kulia. Ruphin akashika mlango kana kwamba lori litaruka. Injini ikakohoa mara moja, ikatulia, ikaendelea kuimba wimbo wake wa zamani. Nililia kidogo, sifichi, na nikamwambia ni vumbi. Tulipopita vijijini watu walitoka barabarani wakinusa, kwa sababu moshi wetu ulikuwa unanuka vitumbua. Mwanamke mmoja alituuliza harusi iko wapi.

Tulilala njiani. Jumanne tukaondoka na umande, baridi ya Julai ikiuma masikio, na saa moja na nusu asubuhi tukaingia Kabambare. Nilikuwa najisikia mkubwa. Watu walikuwa hawajaona lori miezi mingi, wamezoea pikipiki tu, wakasimama wakinipungia mikono. Na hapo, mbele ya ofisi ya teritware, yaani ya wilaya, filimbi ikalia.

Kwetu bendera inapopandishwa kila kitu kinasimama. Mama mwenye beseni kichwani anaganda hapohapo, baiskeli zinasimama, anayekimbia anaacha mguu wake ulipo. Na mwenye injini anazima. Tumefundishwa hivyo tangu shule ya msingi, kwa fimbo, na fimbo ile inakaa mwilini maisha yote. Kichwa changu hakikuulizwa. Filimbi ililia, mkono wangu ukazima, nikashuka, nikasimama wima mikono ubavuni. Bendera ilipofika nusu ya mti ndipo nikakumbuka wenzo. Ulikuwa kulia.

Mimi ninayebishana na mafundi, na wanunuzi wa vyuma, na kaka yangu, nilitiishwa na filimbi. Nilisimama pale watu wakiimba, naona kwa akili yangu mawese yakipoa ndani ya mabomba sita, na siwezi hata kujikuna. Bado sikukata tamaa. Nilijua filimbi ya pili, ile ya kuwaachia watu, ikilia nitaruka, nitawasha, injini bado ina moto. Filimbi ya pili ikalia. Nikaruka. Askari mmoja akanyoosha mkono.

"Mama, hapana. Leo iko hotuba. Moteri haiwake hapa mpaka iishe."

"Dakika tano tu, baba. Namalizia mazuti, halafu nazima."

"Unataka kupiga kelele juu ya sauti ya mukubwa?"

Nilijibu vibaya, akachukua ufunguo. Hotuba ilikuwa juu ya usafi wa barabara. Iliisha saa nne. Aliponirudishia ufunguo nilijaribu mara moja: injini iliguna, haikushika. Nikajaribu mara ya pili, betri ikaanza kulegea. Nikaacha, nisije nikaimaliza.

Ruphin alikuwa ameshatoa simu. "Iko tajiri mumoja hapa ana trakta," akasema, na sura yake ilikuwa na furaha ambayo hakujali kuificha. "Anaweza kutuvuta mpaka Kasongo."

"Weka ile telefone mufukoni."

"Anastasie, imekufa. Ona, imekufa!"

"Kaka, minakuambia weka mufukoni. Kamba haitagusa hii kamio nikiwa mimi muzima."

Ng'ambo ya barabara palikuwa na mama mmoja anayekamua mawese, masufuria matatu jikoni, jina lake Waridi. Alikuwa ameona yote. Nilipomweleza, akasema neno lililonichoma kuliko kicheko cha Kasongo yote. "Mama, weye unauza mawese? Yakiganda mu chupa unafanya nini? Si unatia chupa mu maji ya moto?"

Alisema kweli. Akanipa sufuria nzima ya maji ya moto na matambara, na akaja nayo mwenyewe. Tukafunika bomba moja baada ya jingine, tukafunika chujio, tukafunika pampu ya baba kama mtoto mwenye homa, na kila tambara lilipopoa Waridi alilibadilisha. Nikageuza wenzo kushoto. Nikalegeza skurubu ya juu ya pampu, nikakamata kile kifundo cha mkono, nikaanza kusukuma.

Mwanzo hakuna kilichotoka. Kisha kikatoka kitu chekundu, kizito, kama dawa ya meno. Nikasukuma. Kiganja kikaota lengelenge, lengelenge likapasuka, nikasukuma. Nilikuwa na hasira na filimbi, na hotuba, na yule mnunuzi wa vyuma, na zaidi ya wote nilikuwa na hasira na mimi mwenyewe, na hasira yote niliimalizia kwenye kile kifundo. Chekundu kikawa cha rangi ya machungwa. Baada ya muda mrefu mazuti yakatoka, mepesi, masafi, yakanirukia usoni.

"Ingekuwa ile pompi ndogo inayong'aa," nikamwambia Ruphin, kwa kuwa Aristote hakuwepo kusikia, "pale nilipowasha mara mbili ingekuwa imeshavunjika. Na ingekuwa ile ya umeme, sasa tungekuwa tunasukuma na nini? Na mudomo wako?"

Nikafunga skurubu, nikapanda, nikawasha. Betri ilizungusha injini mizunguko mitatu ya uzee, na ule wa nne ukashika. Waridi akapiga vigelegele na tambara mkononi. Ruphin akarudisha simu mfukoni.

Tukapakua, tukapakia karanga na mpunga. Waridi aliniuzia mawese ya kurudia, na aliyachemsha mbele yangu mpaka yakanyamaza. Alhamisi tukashika njia ya kurudi, tukalala palepale tulipolala, na Ijumaa jioni tukaingia Kasongo, karanga nyuma, mkono wangu wa kulia umefungwa kitambaa. Nyumba yetu iko nyuma ya ofisi ya teritware ya Kasongo. Nilikuwa nimebakiza hatua mia mbili hivi. Filimbi ikalia.

Ilikuwa saa kumi na mbili, bendera inashushwa. Barabara nzima ikaganda. Pikipiki zilizimwa moja baada ya nyingine mpaka mwisho wa mtaa. Nilikanyaga breki, nikatia breki ya mkono. Wenzo ulikuwa kulia.

"Zima!" Ruphin akanong'ona, tayari amekaa wima kwenye kiti chake. "Anastasie, zima!"

Sikuzima. Mkono ulitaka, nikaukataza. Nilishuka, nikasimama kando ya lori langu, visigino pamoja, mikono ubavuni, uso kwenye bendera, na nyuma yangu injini ikaendelea. Niliiheshimu ile bendera kuliko siku yoyote ya maisha yangu, kwa sababu siku hiyo nilisimama kwa kutaka mwenyewe. Askari mmoja wa pale ofisini aliniona. Macho yalimtoka, lakini naye alikuwa kwenye mstari wa bendera na hakuweza kusogea. Tukatazamana hivyo, yeye na mimi, mpaka mwisho. Kasongo yote ilikuwa kimya, na kitu kimoja tu kilikuwa kikinguruma.

Filimbi ya pili ikalia, akanijia mbio. "Mama, weye hauheshimu bendera?"

"Nilisimama, baba. Umeniona. Moteri si mutu."

"Zima sasa hivi!"

"Nazima. Dakika tano."

Nikapanda, nikageuza wenzo kushoto, nikakaa. Alipiga kelele, akapiga mlango, akawaita wenzake wawili. Nikasubiri. Dakika ya tano ilipotimia nikazima kwa mkono wangu, nikashuka, nikamwambia, "Sasa twende."

Kituoni alichukua karatasi ya kosa na kalamu. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi, Ruphin amesimama karibu na mlango, baba alipoingia akipapasa ukuta. Alikuwa ametembea mwenyewe kutoka nyumbani.

"Nilisikia," baba akasema. "Watu wote wakazima. Mumoja hakuzima."

"Mzee, ngoja," askari akasema. "Jina la mwenye kamio? Kamio hii ya nani?"

Lilikuwa swali lile lile lililotupeleka Kabambare, na sikutaka kulijibu mimi.

"Ruphin," baba akasema, "weye ndiye ulipanda naye. Sema."

Ruphin alitazama chini. Akautazama mkono wangu uliofungwa. Angeweza kutaja sufuria, hotuba, simu, tajiri wa trakta. Alikohoa.

"Haikuvutwa, baba," akasema. Kisha akamgeukia askari. "Andika Anastasie."

Askari akaandika. Nilitia sahihi yangu chini, kwa shida, kwa sababu ya kiganja. Baba hakunipa kitu kingine, wala sikuomba. Ile karatasi ya kosa ndiyo karatasi ya kwanza duniani inayosema lori ni langu. Nakala yangu nimeitundika sebuleni, juu ya meza ya chakula. Anayetaka kunicheka aje aisome kwanza.